Mji Juu ya Mlima na Kurasa Zilizopotea

Wapendwa katika Kristo, wiki hii naomba tufungue Mathayo 5:14, "Ninyi ni nuru ya ulimwengu. Mji hauwezi kusitirika ukiwa juu ya mlima," kwa sababu nimerudi kutoka Berat, mji wa kale wa Albania, ambako maneno hayo mtu huyaona kwa macho kabla ya kuyasoma. Ukisimama kando ya mto Osum na kuinua uso, utaona nyumba nyeupe zilizopandana mlimani, kila moja na safu yake ya madirisha mapana, hata watu wakauita mji wa madirisha elfu moja. Juu kabisa ipo ngome, na ndani ya kuta zake familia zinaishi hadi leo. Njia ya kupandia ina mawe yaliyolainishwa na nyayo za karne nyingi, nami nilipanda nikishika ukuta, nikipita akina mama waliotundika vitambaa vyeupe vya kufuma kwa mkono mbele ya milango yao.

Nilikwenda kwa ajili ya kitabu ambacho hakipo tena pale. Ni Injili za Mathayo na Marko, zilizoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 6, kwa wino wa fedha juu ya ngozi ya rangi ya zambarau, karatasi 190 kwa jumla. Waumini wa Berat walikitunza kwa vizazi vingi, wakakificha wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kilipoonekana tena ilikuwa mwaka 1968. Siku hizi kinahifadhiwa Tirana. Tuutazame vizuri mwaka huo, kwa maana mwaka mmoja tu kabla yake serikali ya Albania ilikuwa imepiga marufuku dini zote, makanisa na misikiti ikafungwa, na mengi yakabomolewa. Padre Shtjefën Kurti, wa Kanisa Katoliki, aliuawa kwa kosa la kumbatiza mtoto.

Jambo lililonigusa kuliko yote ni kwamba kurasa za mwanzo za kitabu hicho zimepotea. Sura tano za kwanza za Mathayo hazimo, kwa hiyo ile aya ya mji juu ya mlima haipatikani katika Injili iliyotunzwa na mji ulio juu ya mlima. Maandishi yaliyosalia yanaanzia sura ya 6, pale Bwana anapofundisha juu ya sadaka itolewayo kwa siri, na juu ya Baba aonaye sirini. Sidai kwamba Mungu alizichana kurasa zile kwa makusudi. Lakini tangu 1967 hadi 1990 waumini wa nchi ile walibaki na sehemu hiyo tu ya mafundisho, yaani sala ya chumbani, mlango ukiwa umefungwa, na ishara ya msalaba isiyoonwa na jirani. Nasi ambao tumezoea vipaza sauti na mikutano ya hadhara, tusiwahesabu kama watu walioificha taa chini ya pishi, kwa sababu Baba aonaye sirini alikuwa akiiona ikiwaka.

Mwisho wa kitabu nao umekatika. Injili ya Marko inakoma katika sura ya 14, Yesu akiwa amesimama mbele ya Baraza, ameulizwa na kuhani mkuu, "Wewe ndiwe Kristo, Mwana wake Mtukufu?" Jibu lilikuwa kwenye karatasi iliyofuata, na karatasi hiyo haipo.

Jioni niliingia katika kanisa la Kiorthodoksi mjini, chini ya ngome. Mama mmoja mzee aliingia akiwa na mshumaa mwembamba, akauwasha kwa ule uliokuwa ukiwaka tayari, akauchomeka mchangani, kisha akajiwekea ishara ya msalaba polepole, mara tatu, bila kugeuka kutazama ni nani aliyekuwa nyuma yake. Kwa umri wake, mwaka 1967 alikuwa tayari msichana mkubwa. Nilifungua Biblia yangu kwenye Marko 14:62 na kuisoma kimyakimya, mahali pale ambapo kitabu chao kimekatika: "Mimi ndiye."