Gofu lililojengwa makusudi

Mimi ni mwashi, kwa hiyo nikiona ufa ukutani mkono huanza kuwasha. Pale Désert de Retz, bustani ya kale katika kijiji cha Chambourcy magharibi mwa Paris, ufa umechorwa kwenye ramani tangu mwanzo. Tajiri mmoja, François Racine de Monville, alijenga nyumba yake ya kuishi kwa umbo la kitako cha nguzo ya hekalu iliyovunjika, mwaka 1781 hivi. Ukiitazama unajiuliza: kama hiki ni kipande tu, nguzo nzima ingefika wapi?

Upana wake ni kama mita 15. Ukutani mna michirizi ya wima kama ya nguzo za Kigiriki, na madirisha yamefichwa humo. Ya juu yanapumulia kwenye nyufa zenyewe. Ndani, ngazi ya mzunguko inapanda katikati, na vyumba vingi vina umbo la yai. Sijui kabati ungeliegemeza wapi! Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alifika 1786, akaisifu sana ngazi hiyo kwenye barua.

Kichekesho ni kwamba karne ya 20 nyumba ilitelekezwa, ikawa gofu la kweli: paa likabomoka, miti ikaota. Mafundi walipokuja kuikarabati, ilibidi watofautishe ufa wa Monville na ufa wa mvua. Wa mvua unazibwa. Wa Monville unatengenezwa upya, kingo zake zikiparuzwa zionekane zimevunjika. Kazi hiyo ningeifanya hata kwa nusu ujira.