Skrini iliyokuwa ikizimika sekunde ya 30

Kwa siku kadhaa nilikuwa nakaa mbele ya ubao wa kielektroniki wenye skrini nikihesabu sekunde. Nawasha, nembo inatokea, kerneli ya Linux (kiini cha mfumo) inapanda vizuri, halafu baada ya nusu dakika hivi kioo kinakuwa cheusi tii. Kwenye logi hakuna kosa. Kuna mstari mmoja tu, jina la laini ya umeme ya skrini na neno disabling, nami nilikuwa naupita kila mara.

Draiva, yaani programu inayoendesha skrini, niliiandika mwenyewe. Ndani ya probe, sehemu ambayo kerneli huiita ili kukiandaa kifaa, niliweka kitu nilichokiona cha busara: iulize regyuleta (kifaa kinachotoa umeme kwenye laini) kwa regulator_is_enabled(), ikiwa inawaka iache, ikiwa imezimwa iwashe. Na kwa kuwa programu inayopakia kerneli ilishaiwasha ili ionyeshe nembo, draiva yangu haikuwasha chochote.

Swali lenyewe ndilo lililonipoteza. Jibu lake linaeleza kama umeme upo, halisemi nani anauhitaji. Kerneli ina daftari lake: regulator_enable() huongeza mtumiaji mmoja, regulator_disable() humpunguza. Kwa laini yangu lilisoma sifuri. Sekunde 30 baada ya kumaliza hatua zake za kuanza, kerneli huzipitia regyuleta zote na kuzima zinazowaka bila mwenyewe. Ilifanya kazi yake sawasawa.

Kwanza nilibandika regulator-always-on, agizo la kutoizima laini kamwe, kwenye maelezo ya ubao. Skrini ikabaki hai, lakini hata nilipoizima makusudi laini iliendelea kutoa umeme. Nikaifuta siku hiyohiyo. Dawa ilikuwa kuita regulator_enable() bila kuuliza. Laini ikiwa tayari inawaka, kerneli haibadilishi kitu kwenye regyuleta. Inaandika moja daftarini, basi. Nembo haipepesi hata kidogo, na hilo lilinifurahisha kuliko yote.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye njia za kushindwa. Probe yangu iliwasha umeme kwanza, kisha ikaomba pini ya GPIO (pini ya kutuma na kupokea ishara) ambayo draiva yake ilikuwa haijafika. Inarudisha -EPROBE_DEFER, yaani “nijaribu tena baadaye”, inaitwa tena, na kila ikiondoka inaacha umeme umewashwa bila kuuachia. Kerneli ikanionya waziwazi. Sasa naomba vitu vyote kwanza, nawasha mwisho, na kila hatua inayofuata ikishindwa inapitia regulator_disable() kabla ya kutoka. Kwa chipu inayotaka umeme muda wote, devm_regulator_get_enable() hufanya hayo yenyewe. Skrini yangu huzimwa na kuwashwa, kwa hiyo nimeandika kwa mkono.

Nilitamani pia kuikata laini kidogo ndani ya probe ili kioo kianze upya. Haikuwezekana: chipu ya mguso, ambayo draiva yake niliiongeza baadaye, inakula laini hiyohiyo, na nikiachia mimi hesabu inashuka kutoka mbili hadi moja, umeme haukatiki. Natumia pini ya reseti ya kioo chenyewe.