Picha ya Aprili

Aprili 2.

Tarehe hii kila mwaka siwashi simu mpaka jua litue. Alfajiri kama ya leo, mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, waliamshwa na risasi za magaidi wa al-Shabaab. Wakafa watu 148. Kesho yake nilikuwa kwenye matatu picha ilipoingia katika kundi letu la WhatsApp. Sitaieleza.

Siku 38 kabla ya shambulio hilo nilikuwa nimeshangilia hukumu. Majaji watano wa Mahakama Kuu walifuta vifungu vinane vya ile sheria ya usalama ya Desemba 2014, iliyopitishwa wabunge wakikunjana mashati na naibu spika akimwagiwa maji. Nami, niseme kweli, Desemba hiyo nilikuwa upande wa serikali. Huko Mandera, kaskazini mashariki mwa nchi, walikuwa wameuawa abiria 28 wa basi, na siku kumi baadaye wachimba mawe 36. Ungeniletea karatasi yoyote yenye neno usalama ningetia sahihi.

Kilichonigeuza ni kifungu kimoja: ukitangaza bila idhini ya polisi habari inayovuruga operesheni dhidi ya ugaidi, faini hadi shilingi milioni 5 au jela hadi miaka mitatu. Nikakumbuka Westgate, jengo la maduka la Nairobi lililovamiwa na magaidi mwaka 2013. Kamera za jengo lenyewe ziliwaonyesha wanajeshi wakitoka dukani na mifuko mkononi. Tukaambiwa ni maji ya kunywa. Baadaye wawili wakafukuzwa jeshini na kufungwa kwa wizi. Sasa kwa kifungu kile, mhariri gani angethubutu kuirusha video hiyo? Na nani angeamua kwamba imevuruga operesheni, kama si haohao wanaoonekana ndani yake?

Hapo sina shaka mpaka leo. Shaka yangu iko kwa kifungu kingine, kile cha picha za maiti na majeruhi. Nacho kilifutwa, majaji waliona maneno yake ni mapana mno, yanaweza kumnasa yeyote. Nakubali. Ila wale wa kwenye picha walikuwa na wazazi, na wengine siku hiyo walikuwa bado njiani wakiwatafuta.

Picha ile niliifuta kabla ya kushuka kwenye matatu. Lakini nilikuwa nimeshamtumia kaka yangu. Alijibu usiku, maneno mawili tu: “Ungeniuliza kwanza.”