Si lazima chuma kiyeyuke ndipo jengo lianguke

Kila video ya jengo la chuma lililoporomoka kwa moto inaposambaa mitandaoni, hakosi mtu wa kusema: "Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,500, na moto wa makaratasi na samani haufiki huko. Tunafichwa kitu." Namba zake hazina tatizo. Moto wa ndani ya jengo hufika nyuzi 1,000 hivi za Selsiasi. Ila mimi kazi yangu ni kuunga fremu za chuma, na sijawahi kungoja chuma kiyeyuke ili nikipinde.

Tia chuma bapa motoni mpaka kianze wekundu wa giza, ule unaoonekana vizuri ukiwa kivulini. Hapo ni nyuzi 600 hivi. Kibane kwenye jiliwa ukivute kwa koleo: kinakufuata, na hakijadondosha hata tone. Kwenye joto hilo chuma cha ujenzi kimebaki na nusu ya nguvu zake, au pungufu kidogo, na ukakamavu umeshuka hadi karibu theluthi. Nguzo iliyokuwa imebeba mzigo wake bila shida sasa inaanza kupinda katikati.

Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni kutanuka, na huko huanza mapema, chuma kikiwa bado kina nguvu. Boriti ya mita 12 ikipanda nyuzi 500, inarefuka sentimita 7 na ushee. Zitaenda wapi? Ama boriti inajikunja, ama inasukuma nguzo, ama inakata bolti za kiungo.

Ndivyo lilivyoanguka jengo namba 7 la World Trade Center, New York, Septemba 11, 2001. Lilikuwa na ghorofa 47, halikugongwa na ndege, na liliwaka kwa muda wa karibu saa 7 kwa sababu mabomba makuu ya maji ya mtaa yalikuwa yamepasuka. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walieleza mwaka 2008 kwamba mihimili ya sakafu ilitanuka ikausukuma mhimili mkubwa mmoja ukatoka kwenye kikalio chake, ghorofa ya 13. Sakafu zikaanguka moja juu ya nyingine, na nguzo namba 79 ikabaki bila kitu cha kuishika ubavuni kwa kimo cha ghorofa 9. Nguzo ndefu kiasi hicho isiyoshikwa haihitaji hata kupata moto.

Moto ukizidi, boriti hulegea, ikaning'inia na kuanza kuvuta nguzo kwa ndani badala ya kuzisukuma. Ukizimika nako si salama: chuma kilichopinda kinasinyaa kikipoa, na kiungo kilichovumilia joto lote kinaweza kukatika wakati huo.

Haya yote hayana maana kwamba chuma ni hafifu. Huko Cardington, Uingereza, miaka ya 1990, watafiti waliwasha moto kwa makusudi katika sehemu mbalimbali za jengo la chuma la ghorofa 8. Boriti zisizokingwa zilipita nyuzi 900, sakafu ikabonyea vibaya, na jengo likasimama. Zege lenye wavu wa nondo lilibeba mzigo, na nguzo zilikuwa zimekingwa. Plasco ya Tehran, ghorofa 17, haikuwa na bahati hiyo: Januari 2017 iliwaka saa chache tu ikaanguka, wazima moto wakiwa ndani.

Boriti tupu kwenye moto mkali inaweza kufika joto la hatari ndani ya dakika 20 hivi. Kinga ndiyo inayonunua muda: plasta ya kupuliziwa, mbao za jasi, au ile rangi inayovimba ikipata joto. Basi njoo saiti uone. Fundi bomba anakuja baada yetu, anakwangua plasta ili afunge kibano chake, pale pale kwenye kiungo. Ukimwuliza anakwambia, "Fundi, ni kasehemu kadogo tu." Siku hizi siruhusu dari ifungwe kabla sijapita na tochi, kiungo kwa kiungo, na palipokwanguliwa pamepuliziwa upya.