Nimeingia leba na mdogo wangu Mwanza

Jamani nimerudi Utrecht, Uholanzi, wiki iliyopita lakini akili bado iko Mwanza. Mdogo wangu anaishi Sengerema, uchungu ulimshika saa nane usiku, shemeji akatafuta taksi wakavuka daraja la Kigongo–Busisi juu ya Ziwa Victoria wakanikuta mjini Mwanza nawasubiri. Lile daraja lina kilomita 3 na limefunguliwa Juni 2025, wengine wanapita wanapiga picha, mimi nikiliona namkumbuka mama, maana uchungu wa kunizaa mimi ulimkuta Busisi anasubiri kivuko, kaegemea gunia la mihogo mpaka kunakucha.

Sasa leba za kwetu mnazijua, ndugu mwisho wako mlangoni, unapokea nguo chafu unarudisha chai ya maziwa, kwa sababu chumba ni kimoja vitanda vimepangana na pazia hakuna. Usiku ule wazazi walikuwa wawili tu na yule mwingine alishamaliza, sista akaniambia "dada mtu ingia, umshike mgongo." Nikaingia na beseni letu, mpira wa kutandika, glovu, pamba, khanga nne mpya zilizofuliwa zikalainika. Mdogo wangu alining'ang'ania kidole gumba mpaka kikafa ganzi, halafu kimya kabisa, hapigi kelele, kwetu mtoto wa kike anafundishwa asilie leba, na mimi hilo linaniuma sana, nikamwambia lia mdogo wangu, lia tu, akalia, na sista wala hakumkemea. Mtoto akatoka saa kumi na mbili kasoro, wa kike, mweupe utando mwili mzima, wakamlaza kifuani kwa mama yake kitovu bado kinadundadunda.

Uholanzi nilishuhudia wifi yangu akijifungulia nyumbani, chumbani kwake, na huko ni jambo la kawaida mimba ikiwa haina shida. Kitanda walikiinua juu ya vigogo mkunga asiinamie, na kaka ndiye aliyekata kitovu. Halafu analetwa mhudumu, huduma yenyewe wanaiita kraamzorg, anakuja kila siku kwa siku kama 8, anapima joto, anaelekeza kunyonyesha, anaosha hadi choo. Wageni wanapewa mkate mkavu wa mviringo wenye siagi na vipunje vya sukari vya pinki kama mtoto ni wa kike. Nilivipenda. Ila siku ya tisa mhudumu hayupo, kaka karudi kazini, wifi yuko peke yake na mtoto na mvua dirishani, nilimkuta analia jikoni.

Shirika la Afya Duniani linataka kila mzazi awe na mtu anayemchagua mwenyewe leba. Sisi ndugu tunao tele, wamejaa kwenye mabenchi nje! Kinachotakiwa ni pazia tu jamani, pazia na fimbo ya kulining'iniza, mama mkubwa aingie.

Mama alimleta mdogo wangu Kirumba kwa arobaini yake. Asubuhi uji wa ulezi, mchana mchuzi wa sato, jioni maji ya moto na majani ya mwarobaini, anamkanda tumbo na kitambaa. Mdogo wangu akaniuliza, "Dada, huko mhudumu akishaondoka nani anamkanda mzazi?" Nikamwambia hakuna. Mama akachovya tena kitambaa, akakikamua, akasema, "Mwambie wifi yako mimba ijayo anikatie tiketi."