Jina la Baba kifuani

Tangu Jumapili kauli ya Mama haijanitoka. "Umejiandika kama gunia la mahindi," alimwambia mdogo wangu alipovua shati barazani na kutuonyesha jina la Baba alilochorwa kifuani huko Dar es Salaam, kisha akaingia chumbani na hakutoka hadi magharibi. Mliosoma nilichoandika baada ya arobaini ya Baba mnajua kwamba mdogo wangu alifika Dodoma kaburi likiwa limekwisha kufukiwa. Wiki hii ofisi yetu imehamia Mtumba, kwenye mji wa serikali hapa Dodoma, na kikao cha mahari ya dada kimemalizika salama, lakini kila nikitulia ninalisikia lile gunia.

Jioni ile hakuna aliyetaka kuzungumza, kwa hiyo mdogo wangu aliweka Memento, filamu ya Christopher Nolan ya mwaka 2000, na Bibi, aliyekuja kutoka Mvumi kwa ajili ya mahari, akakaa nasi akichambua choroko kwenye ungo. Leonard, anayeigizwa na Guy Pearce, aliumizwa kichwa usiku mkewe aliposhambuliwa, na tangu hapo hawezi kuhifadhi kumbukumbu mpya. Muda kidogo ukipita, mtu aliyekuwa akizungumza naye amekuwa mgeni. Hujiandikia kwenye picha, na yale anayoyahesabu kuwa hakika kabisa huyachora mwilini. Sentensi inayosema kwamba John G. alimbaka na kumuua mkewe iko kifuani kwa herufi zilizogeuzwa, ili aweze kuisoma akisimama mbele ya kioo. Nilimweleza Bibi hayo yote nikichanganya Kigogo na Kiswahili.

"Hana ndugu?" aliuliza.

"Hana, Bibi. Yuko peke yake."

"Ndiyo maana."

Mdogo wangu akamtazama usoni, pale penye alama ya duara katikati ya paji ambayo wazee wengi wa Kigogo wanayo. "Na yako, Bibi, inakukumbusha nini?"

"Yangu mimi siioni, mjukuu wangu. Mnaiona ninyi." Akapepeta ungo, akatoa kijiwe, akaendelea.

Nimeyarudia maneno hayo kwenye daladala, nimeyarudia nikipanga mafaili katika ofisi mpya, na kila nikiyarudia hasira niliyokuwa nayo juu ya Mama inapungua. Leonard amejiandikia mwenyewe, ajisomee mwenyewe, na hakuna shangazi wala jirani wa kumwambia kwamba hilo silo. Ndiyo maana, filamu inapofika mwisho, tunamwona akiamua kwa akili zake timamu kuifanya namba ya gari la Teddy, mwanamume anayefuatana naye, kuwa ushahidi kwamba huyo ndiye John G., huku akijua kwamba baadaye atausahau uamuzi huo na kuiamini ngozi yake. Alama ya Bibi haiwezi kumdanganya kwa namna hiyo, kwa sababu tangu utotoni imekuwa mikononi mwa watu wengine: wanaomwona njiani ndio wanaojua ni binti wa wapi.

Ipo filamu nyingine ya mwaka 1994 kutoka New Zealand, Once Were Warriors, ambamo kijana Nig anachorwa usoni kwa mtindo wa Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, alipojiunga na genge. Mdogo wake Boogie, aliyefundishwa mila za wazee wao akiwa katika makao ya watoto watukutu, anapoulizwa kama naye anataka, hujibu kwamba yake anaivaa ndani. Jibu hilo nililipenda kwa miaka mingi na bado naliheshimu, lakini tangu Jumapili naona linamfaa zaidi yule ambaye watu wake hawana shaka naye.

Mdogo wangu hana uhakika huo. Jana alipokuwa akinyoa ndevu nililitazama jina lile kwa makini. Ni herufi nyembamba za wino mweusi, bado zina maganda kidogo pembeni, na zimeelekezwa kwa mtu aliye mbele yake. Yeye mwenyewe kwenye kioo huliona limegeuka. Hakujichorea kumbukumbu, maana yeye hawezi kumsahau Baba. Ametuandikia sisi tuliokuwapo makaburini, ili tuone kwamba naye ni mtoto wa marehemu.

Nilimweleza Mama hivyo usiku, nikijaribu kutomlaumu. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Alipochorwa, aliumia?" Nikamwambia nadhani aliumia. Asubuhi amempelekea uji chumbani.

Sasa linalonikosesha usingizi ni jambo jingine. Mdogo wangu anasubiri ajira za polisi zitangazwe, na matangazo ya namna hiyo huweka sharti kwamba mwombaji asiwe na mchoro wowote mwilini. Atavuliwa shati na mtu asiyemjua Baba, na sijui nani nyumbani atakayemwambia mdogo wangu habari za sharti hilo.