Macho ya mlango wetu yalikuwa darini

Baiskeli ya Beni ina magurudumu matatu, na tangu Jumamosi ile ina usukani uliopinda. Mlango wa garaji ndio ulioupinda. Aliyebonyeza kitufe ni mimi, nimekaa ndani ya gari na suti yangu, tumechelewa harusi kule Kampemba, mke wangu ananiuliza bahasha iko wapi. Nilibonyeza bila kugeuka. Nikasikia mkwaruzo, halafu mlio kama wa kopo linalokanyagwa. Mlango haukusita hata kidogo. Ulishuka mpaka ukaikalia ile baiskeli, mota inanguruma juu kama mtu anayesukuma kabati.

Beni mwenyewe, miaka minne, alikuwa bombani anajaza maji kwenye kiatu chake. Harusini hatukufika.

Mlango huu tuliletewa na Yaya, kaka yangu mkubwa anayeishi Texas. Aliona kwenye picha tunavyohangaika na milango yetu ya mbao (nyumba ni ya wakati wa Wabelgiji, na garaji yake ilijengwa kwa magari membamba kuliko ya leo), akatuma mlango mzima kwenye kontena: vipande vinne vya bati vinavyopanda kwenye reli na kulala chini ya dari, mota, rimoti mbili. Mama anaapa kwamba ulikaa mpakani Kasumbalesa muda mrefu kuliko ulivyokaa baharini. Mota inataka volti 110, hapa Lubumbashi tuna 220, basi tukanunua na transfoma. Fundi alifunga kila kitu kwa siku mbili, tukapiga picha, Yaya akafurahi.

Usiku ule nilichukua tochi na kile kijitabu cha maelezo ambacho hakuna aliyewahi kukifungua. Mchoro unaonyesha macho mawili madogo, moja kila upande wa mlango, chini kabisa, yasizidi sentimita 15 kutoka sakafuni. Moja linatuma mwali usioonekana, jingine linaupokea. Mwali ukikatizwa wakati mlango unashuka, mlango usimame na urudi juu. Sentimita 15 ni kwa sababu ya mtoto anayetambaa. Macho yakiwekwa juu zaidi, yeye anapita chini yake.

Nikamulika kushoto: matundu mawili ya skrubu. Kulia: matundu mawili. Nikaufuata waya kwa tochi, ukapanda ukutani, ukapita juu ya boriti, na kule darini nyuma ya mota nikayakuta macho yote mawili yametazamana kama wachumba, yamefungwa pamoja kwa skochi. Kati yao hata nzi hapiti. Mota ilikuwa inaambiwa mchana na usiku kwamba njia ni nyeupe.

Asubuhi nikampigia fundi. Hakukana. «Papa, yalikuwa yanasumbua. Ikifika saa kumi na moja jioni mlango unashuka kidogo, unarudi. Unashuka, unarudi. Nilikusaidia.» Na kweli, nilimpigia mara tatu kwa ajili ya kero hiyo, na mara ya tatu nilimwambia amalize hilo tatizo, sitaki kujua atalimaliza namna gani. Mke wangu alikuwa amesimama pale simu ikiwa kwenye spika. Hakusema kitu, aliniangalia tu, ambavyo ni vibaya zaidi.

Fundi wa pili ni mzee wa Kamalondo aliyewahi kufunga milango ya namna hii Afrika Kusini. Alikuja na mfuko mmoja na kipande cha ubao. Kabla ya kugusa chochote aliuliza mlango unatazama wapi. Magharibi, nikamwambia. Akacheka. Mwezi wa nane jua letu linazama likiwa limeegemea kaskazini, na jicho la kupokea lilikuwa limefungwa upande wa kusini, uso wake kaskazini. Kila jioni jua lilikuwa linaliingia moja kwa moja na kulipofusha. Ongeza vumbi jekundu la kiangazi, ambalo nalo lilikuwa limetanda kwenye kioo chake kama poda. Akabadilisha pande: linalotuma kusini, linalopokea kaskazini, kivulini. Akafuta vioo kwa kitambaa kikavu. Dakika ishirini. Skochi ilikuwa imetumika badala ya dakika ishirini.

Lakini lililonisumbua zaidi lilikuwa jingine. Hata bila macho, mota yenyewe inapaswa kuhisi kwamba imegusa kitu na kurudi. Kwa nini haikurudi ilipoigusa baiskeli?

Mzee akafunga mlango, akavuta ile kamba nyekundu inayoning'inia kwenye reli, ambayo inautenganisha mlango na mota. Akaunyanyua kwa mikono mpaka kiunoni, akauachia taratibu huku mikono ikiwa tayari. Mlango wenye afya, ukiuachia hapo, unakaa palepale, au unasogea kidogo tu. Wetu ulianguka kama gunia la makaa. «Unaona? Huu mlango unabebwa na mota. Mota haikununuliwa kubeba.»

Kinachobeba ni springi zile nene zilizojiviringa juu ya fremu, mafundi wetu wanaziita resori. Zetu zilikuwa zimelegea tangu siku ya kufungwa, hazikukazwa inavyotakiwa. Kwa hiyo mota ilikuwa inalemewa, inasimama katikati, na fundi wa kwanza akatafuta kile kiskrubu cha kurekebisha nguvu, akakizungusha mpaka mwisho. Mota ikapata nguvu za kunyanyua uzito usio wake, na kwa nguvu hizohizo ikawa haihisi tena baiskeli. Nadhani haitahisi wala mguu.

Kukaza springi nilimwomba nimsaidie, akanitoa nje ya garaji. Alitumia vyuma viwili maalumu vinavyoingia kwenye matundu ya springi, akinionyesha kutoka mbali kwamba wengine wanatumia bisibisi, na bisibisi ikichomoka inakuvunja mkono au taya. Hivyo hivyo na zile bolti za pembe za chini, panapofungwa waya wa chuma: usizifungue kamwe, zimeshika mvuto wote wa springi. Mimi kazi yangu ni kutazama tu kama waya umeanza kuchanika nyuzi. Akaniambia pia springi za kawaida zinahesabiwa kwa mizunguko elfu kumi hivi. Tunafungua mara nne kwa siku. Nikapiga hesabu, ni kama miaka saba. Umeme ukiwepo.

Maana umeme ni habari yake nyingine. Ukikatika, kila mtu nyumbani anakimbilia kamba nyekundu. Sasa tunajua: ivutwe mlango ukiwa chini. Ukiivuta mlango ukiwa juu na springi imekatika, mlango unakuja wote kichwani kwako. Na umeme ukirudi, unarudi na kishindo. Transfoma tunaichomoa ukutani pamoja na friji.

Baada ya springi, mzee akarudisha ile skrubu ya nguvu hadi katikati, kisha akalaza ubao wake sakafuni, unene wa sentimita nne hivi, katikati ya mlango. Akabonyeza. Mlango ukashuka, ukagusa ubao, na kabla sijahesabu mbili ukawa unapanda. Akafanya tena, safari hii akipitisha ufagio mbele ya macho mlango ukiwa njiani. Ukarudi. Beni akataka aone mara ya tatu.

Nilipomsimulia Yaya alikasirika mpaka akasahau Kiswahili. Kule Marekani, mota ya nyumbani iliyotengenezwa tangu mwanzo wa 1993 lazima iwe na kinga ya pili, iwe macho haya au ukingo wa mlango unaohisi mguso, mbali na mota yenyewe kuweza kurudi. Sheria ilikuja baada ya watoto kufa wakibanwa na milango. Sisi tuliipata kinga hiyo bure, tukaifunga skochi. Na skochi haikuwa hata lazima: kijitabu kinasema macho yakigoma, unashikilia kitufe cha ukutani mpaka mlango ufike chini, huku unautazama.

Kitufe hicho tumekipandisha hadi mita moja na nusu, Beni asikifikie. Rimoti hazikai tena kwenye meza ya sebuleni.

Jumapili ya kwanza ya mwezi, kabla ya misa, nafanya yangu: kitambaa kwenye macho, ubao, ufagio. Kila baada ya miezi michache navuta kamba na kujaribu uzito. Grisi kidogo kwenye bawaba, kwenye springi na kwenye vigurudumu. Reli hazipakwi kitu, zinafutwa tu. Hili nalisisitiza kwa sababu mlinzi wetu, kwa moyo mwema kabisa, alizipaka mawese. Vumbi lilinata humo likawa kama bukari nyekundu, yaani ugali wetu, na siafu wakaja kula.

Wiki iliyopita nilimsimulia shemeji yangu wa mtaa wa Golf, naye ana mlango wa namna hii. Alinisikiliza akila, akanawa mikono, akaondoka mapema. Saa tatu usiku akapiga simu, sauti inatoka kama yuko ndani ya pipa. Alikuwa juu ya ngazi, garajini kwake.

«Ya kwangu wametumia kamba ya kiatu,» akasema.

Nikamwambia auache mlango ulivyo mpaka nifike na ubao.